Mwaka Nilipokuwa Pua ya Bi Thuwaiba

Bi Thuwaiba alizikwa Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri. Habari nilizipata asubuhi hiyo hiyo nyumbani kwangu Goba, kwa simu ya Nuru, mpwa wake, ambaye miaka hii ya mwisho ndiye aliyekuwa akimwangalia. Kutoka Goba hadi Kurasini ni kuuvuka mji mzima, na nilipofika wanaume walikuwa wameshaondoka na jeneza. Niliingia ndani, nikapeana mikono na wanawake waliokuwa wameketi mikekani, nikajipatia nafasi kando ya ukuta, chini ya dirisha linalotazama uani. Nje malori ya makontena yalikuwa yakipita kama yalivyokuwa yakipita zamani, na kila lilipopita moja vioo vya kabati vilitetemeka. Jirani yangu pale mkekani, mama mmoja nisiyemfahamu, alikuwa akimsimulia mwenzake kwa sauti ya chini. "Huyu bibi," alisema, "ukienda kununua kababu kwake, kwanza anakunusisha nyama mbichi. Hukunusa, hakuuzii." Mwenzake akauliza kwa nini. "Ndiyo mila yao hao," akajibu yule mama, "wenyewe Waarabu." Sikumsahihisha, kwa kuwa msibani si mahali pa kusahihishana. Lakini haikuwa mila ya Waarabu wala ya mtu yeyote. Nilikuwapo wiki jambo hilo lilipoanza, na nilijua lilianzaje.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nasoma uhazili kwenye chuo kimoja kidogo mjini, tukijifunza kupiga chapa kwa vidole kumi bila kutazama mashine, na nilihitaji mahali pa kukaa. Mtu mmoja wa kwetu alimfahamu Bi Thuwaiba, akanipeleka. Nakumbuka alinitazama mikono kabla hajanitazama uso. Akaniuliza kama nina kucha ndefu. Nikamwonyesha. Akasema, "Basi utakaa," akanionyesha chumba. Kilikuwa chumba cha nyuma kabisa, chembamba, chenye kitanda cha kamba, rafu moja, na friji kubwa la kulala lililokuwa likinguruma usiku kucha hadi nikalizoea kama mtu anavyozoea mume anayekoroma. Hakunitoza kodi. Sharti lake lilikuwa nimsaidie mapema asubuhi kabla ya chuo, na alasiri nikirudi. Hakuwa na mtoto. Mumewe alikuwa ameshafariki miaka mingi nyuma, na picha yake ilikuwa ukumbini, kijana mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono aliyeonekana kama ndiyo kwanza ameitwa na mtu na anataka kugeuka.

Alichokuwa akiuza ni kababu. Si zile za duara zinazokaangwa kwenye mafuta, ambazo kila mtaa una mama anayezipika. Zake zilikuwa za nyama ya kusaga iliyokandwa na viungo, ikavikwa kwenye vyuma virefu bapa, ikachomwa juu ya mkaa. Wateja waliziita kababu za chuma. Mwenyewe aliziita sikhi kababu, kwa sababu ndivyo alivyoziita aliyemfundisha, jirani yake wa Kihindi, marehemu Mama Nargis, ambaye alimfundisha akiwa bi harusi mpya asiyejua hata kupika uji. Nimekula kababu za namna hiyo sehemu nyingi tangu wakati ule, nyingine kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani. Sijapata za kufanana na zile. Ukiivunja moja kwa mkono, ndani ilikuwa laini na yenye maji, na nje ilikuwa imeshika rangi ya udongo wa kuchoma, na haikukatika. Ilijinyoosha kidogo kwanza, ndipo ikaachia.

Kazi ilianza baada ya sala ya alfajiri. Nyama ililetwa na mchinjaji mmoja wa Temeke aliyekuwa akimpa sehemu ya paja, na kando yake kipande cha nundu, kwa kuwa Bi Thuwaiba aliamini kuwa mafuta ya nundu ndiyo yanayoyeyuka polepole. Tulikata, tukasaga mara mbili kwenye mashine ya chuma ya kuzungusha kwa mkono, iliyofungwa kwenye pembe ya meza ya mninga pale chini ya dirisha la uani. Vitunguu vilisagwa peke yake, vikatiwa kwenye kitambaa cheupe na kukamuliwa hadi vikakauka. "Maji ya kitunguu ndiyo adui," aliniambia siku ya kwanza. "Ukiyaacha, nyama itadondoka motoni, na wewe utabaki na chuma kitupu mbele za watu." Kisha tangawizi, thomu, pilipili mbichi, kotmiri iliyokatwa ndogo ndogo, giligilani na binzari nyembamba vya kukaangwa bila mafuta na kutwangwa, chumvi, na papai bichi la kukwangua, kidogo tu. Halafu kukanda. Watu hufikiri kababu ni moto. Kababu ni kukanda. Alikanda kwa kiganja cha mkono, akisukuma na kukunja, mpaka nyama ilipoacha kuwa punje punje ikawa kitu kimoja kinachonata. Alikuwa akibandika donge kwenye kiganja na kukigeuza kuelekea chini. Likidondoka, tuliendelea. Likibaki limening'inia, alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyemaliza kufunga kifungo, na nyama ikafunikwa ikae hadi mchana.

Alasiri ndipo jiko refu la bati lilipotolewa barazani. Wateja wake wengi walikuwa watu wa bandari: makarani, madereva wa malori, vibarua waliomaliza zamu, na mawakala wa forodha wenye bahasha za karatasi kwapani. Walisimama au waliketi kwenye benchi, wakala kababu kwa mkate wa ajemi na chatini ya ukwaju, na wakazungumza. Nilijifunza mji mzima pale, mie niliyekuwa nimeinamia jiko na kipepeo cha ukindu. Nilisikia ni meli gani imekaa siku tisa nje bila kupata gati, nani ameoa mke wa pili na kumficha Kimbiji, nani amepandishwa cheo na tangu apande hasalimii watu. Mmoja wao, Bwana Sefu, wakala wa forodha, alikuja kila siku isipokuwa Ijumaa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mazoea ya kusema jambo moja mara mbili. "Bi mkubwa, leo umetuweza. Umetuweza leo." Bi Thuwaiba hakuwa akijibu sifa. Alikuwa amesimama akisikiliza. Ni baadaye sana nilipoelewa kuwa alikuwa akisikiliza nyama. Mafuta yakidondoka kwenye mkaa kwa kasi, aliviinua vyuma. Yakinyamaza, aligeuza. Nilidhani ni umahiri tu wa miaka mingi. Ulikuwa umahiri, lakini pia alikuwa amebakiwa na masikio na mikono.

Niliigundua siri yake mwezi wa nne wa kukaa pale, asubuhi moja ya Jumatano. Jioni iliyotangulia alikuwa amenituma dukani ninunue binzari nyembamba ya unga, kwa sababu ile ya kutwanga ilikuwa imetuishia. Muuza duka alinifungia kwenye karatasi, nami nikaiweka rafuni bila kuifungua. Asubuhi aliifungua mwenyewe, akachota vijiko vyake, akamimina kwenye bakuli la nyama na kuanza kukanda. Nilikuwa upande wa pili wa meza nakamua vitunguu. Harufu ilinipanda puani: harufu ya keki, harufu ya chai ya maulidi. Mdalasini. Nikamtazama. Anakanda. Nikafikiri, huyu ni fundi, pengine leo ameamua kitu kingine, mie nani nimuulize. Alipomaliza alibana kipande kidogo, akakikaanga kwenye kikaango, kama alivyofanya kila siku ili kupima chumvi. Akaonja. "Imekaa sawa," akasema, akanimegea na mie. Nilitia mdomoni. Hakuna mtu mwenye pua ambaye angeweza kuitafuna nyama ile akasema imekaa sawa.

"Bi Thuwaiba," nikasema, "hii ni mdalasini."

Aliacha mikono yake ndani ya bakuli. Akachukua ile karatasi, akaipeleka puani, akavuta pumzi kwa nguvu, mara mbili. Kisha akaniambia nifunge mlango wa uani. Niliufunga. Akaketi kwenye kigoda, mikono imejaa nyama hadi kwenye vifundo, akaiweka magotini viganja juu ili asichafue nguo.

"Sisikii harufu," akasema. "Si hii tu. Yoyote. Tangu yale mafua yaliyonilaza baada ya Ramadhani. Homa ilipoondoka, pua haikurudi. Chumvi naijua, ndimu naijua, pilipili nazijua. Mengine yote ni kama kutafuna kitambaa." Nikamuuliza kama ameenda hospitali. Alikuwa ameenda. Daktari alimwambia huenda itarudi, huenda isirudi. "Nikasema nitangoja. Napima kwa kijiko, naangalia rangi, nasikiliza moto. Miezi saba hii, hakuna aliyejua." Nikafanya hesabu kichwani. Nilikuwa nimekaa naye minne. Katika miezi yote ile niliyokula kababu zake na kuapa kuwa hakuna mfano wake, mpishi mwenyewe hakuwa akijua zina ladha gani. Alikuwa akizipika kwa kumbukumbu. Mpaka leo, nikifikiria jambo hilo, huwa naweka chini nilichoshika.

Ile nyama ya mdalasini hakuiuza. Tuliila siku tatu, na nyingine tukawagawia majirani kama sadaka, na mmoja wao akaja kuuliza ametia nini, ni tamu. Bi Thuwaiba alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Lakini kuanzia asubuhi iliyofuata, kazi yangu ilibadilika. Nyama ilipoletwa, nilinusa mie kwanza, kila kipande, upande wa juu na upande wa chini, na ndani alipokichana kwa kisu. Nilinusa binzari ikiwa kikaangoni, nikamwambia "bado", "bado", "tayari". Nilionja kipande cha kupimia na kumweleza kilivyo, naye hakukubali maneno mepesi. Nikisema "nzuri", aliniuliza nzuri kama nini. Binzari imesimama mbele au imejificha nyuma? Tangawizi inawahi kwenye ulimi au inakuja baada ya kumeza? Chuoni nilifundishwa kuandika barua za ofisi, lakini aliyenifundisha kutumia maneno sawasawa ni yeye, mwanamke aliyesoma chuo cha Kurani tu, akinidai ladha ambayo yeye haipati. Alinipa dawa ile ile aliyojipa mwenyewe: kuwa makini. Na kwa kuwa nilikuwa na miaka ishirini, nilianza kujiona mtu mkubwa.

Hapo ndipo kosa langu lilipotokea. Darasani nilikuwa na rafiki, Mariamu, binti wa Keko, mcheshi, aliyekuwa amechumbiwa na kijana wa benki na hatukupumzika kusikia habari zake. Siku moja mchana, tukila mihogo nje ya chuo, alikuwa ametueleza kwa mara ya tano jinsi mchumba wake anavyotegemewa kazini. Nilichoka. Na mie nilitaka kutegemewa. Nikasema, "Sie wengine tunategemewa na hatusemi. Kwa Bi Thuwaiba pale, bila pua yangu hapapikwi kitu." Akacheka, akadhani natania. Ningeweza kuiacha ibaki kama utani. Badala yake nilimweleza yote: homa, mdalasini, ninavyonusa kila asubuhi. Nilimwambia asimwambie mtu. Mariamu alikuwa mpwa wa Mama Hidaya, na Mama Hidaya ndiye aliyekuwa ameagiza kababu mia nne kwa ajili ya harusi ya bintiye. Hilo nililijua wakati nafungua mdomo. Nilijua, nikaendelea, kwa kuwa Mariamu alikuwa ametulia akinitazama usoni kwa mara ya kwanza bila kuzungumzia benki.

Haikupita wiki. Jumatatu alasiri benchi lilikuwa na watu watatu tu. Jumanne, wawili. Wale makarani waliokuwa wakija kwa makundi nilianza kuwaona wakipita upande wa pili wa barabara, wakitazama mbele kama watu wenye haraka. Bi Thuwaiba alipepea moto vile vile. Alipokuja Bwana Sefu, hakuketi. Alisimama mbele ya jiko, akahamisha bahasha yake kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Bi mkubwa," akasema, "shikamoo. Kuna maneno yanasemwa huko, nami siwezi kukuficha. Siwezi kukuficha."

"Marahaba. Yaseme."

"Wanasema huna pua. Wanasema husikii harufu, na kwamba siku moja utawalisha watu nyama iliyooza bila kujua. Wapo wanaosema vibaya zaidi. Wanasema mzoga." Alilitamka neno la mwisho huku akitazama chini.

Nilikuwa nimeshika kipepeo. Nilingoja akanushe, kwa kuwa ndivyo ambavyo mie ningefanya, na ningemsaidia kukanusha kwa kiapo. Bi Thuwaiba aligeuza chuma kimoja, kisha kingine, hadi akamaliza safu nzima. Ndipo akasema, "Ni kweli, Sefu. Sisikii harufu. Mzoga sijawalisha, na Mungu anajua. Lakini ni kweli." Dereva mmoja aliyekuwa akila aliacha kutafuna. Bwana Sefu akanunua kababu nne, akazila pale pale akiwa amesimama, zote nne, mbele ya watu wanaopita. Sijamsahau mtu yule kwa tendo lile. Alipoondoka, Bi Thuwaiba alinyunyizia mkaa maji, akaniambia niingize benchi.

Siku tatu hatukuchoma. Nyumba ilikuwa na ukimya ambao hata malori hayakuweza kuuvunja. Yeye alikuwa chumbani kwake, akitoka kwa sala na chai. Siku ya pili alikuja Mama Hidaya. Nilimkaribisha ukumbini, nikaenda chumbani kwangu, na kwa kuwa kuta zile zilikuwa nyembamba nilisikia yote. Mama Hidaya hakuwa mtu mbaya. Alizunguka sana kabla hajafika. Mwisho alisema, "Dada yangu, nielewe. Ni harusi ya mwanangu. Wakwe wanatoka mbali. Mtu mmoja akiumwa tumbo tu, itasemwa miaka ishirini." Bi Thuwaiba akamjibu, "Nakuelewa. Na mimi ningefanya hivyo." Hakumlaumu. Hakumuuliza amesikia kwa nani. Nilikaa kitandani, mgongo umeegemea lile friji, nikasubiri aniite. Nilikuwa nimeshaitayarisha sura ya mtu asiyejua kitu. Hakuniita.

Jumamosi alfajiri nilisikia kitu kizito kikiburutwa. Nikatoka. Alikuwa ameshika upande mmoja wa ile meza ya mninga, mashine ya kusagia ikiwa bado imefungwa pembeni, na alikuwa ameifikisha mlangoni peke yake. "Shika huko," akaniambia. Tuliitoa hadi barazani, tukaiweka pembeni mwa barabara mahali penye mwanga. Mchinjaji alipokuja, Bi Thuwaiba alimwambia aiweke nyama pale juu, isifunikwe. Nikamuuliza tunafanya nini. "Miaka yote nimekuwa nikisagia ndani," akasema. "Mtu anayesagia ndani, watu wanapaswa kumwamini. Mimi sina haki tena ya kuaminiwa kwa kitu nisichokijua mwenyewe. Basi waje waone."

Mtu wa kwanza kupita alikuwa dereva wa lori, mtu wa bara, mgeni kabisa, aliyekuwa akitafuta chai. Bi Thuwaiba alimwita. "Baba, njoo unisaidie. Pua yangu imekufa. Ninusie nyama hii uniambie ikoje." Yule bwana alinitazama mie, akamtazama tena yeye. "Mama, mimi kazi yangu ni dereva," akasema. "Pua yangu inajua dizeli." Akajibiwa, "Nyama mbovu inashinda dizeli. Nusa." Akainama, akanusa, akageuza kipande kwa kidole, akanusa tena. Akasema inanuka damu tu, ni ya leo. "Basi alasiri ukiwa bado mjini, njoo ule," akamwambia. Yule dereva alikaa pale saa nzima akiangalia, na mwishowe akazungusha mashine mwenyewe kwa kuwa aliona mie nachoka. Ilipofika saa tatu asubuhi tulikuwa na watu saba wamezunguka meza: wanawake wanaotoka sokoni, fundi wa baiskeli wa mtaa wa pili, makarani wawili waliojifanya wanapita. Alimwita kila mmoja kwa zamu. Hakuomba radhi na hakujitetea. Alisema tu, "Pua yangu imekufa, ninusie," kwa sauti ile ile ambayo mtu angeomba kusogezewa kiti. Wengine waliona haya. Wengine walinusa wakatoa maoni marefu kuhusu thomu. Alasiri benchi lilijaa nusu, na juma lililofuata likajaa lote, na kulikuwa na watu waliokuja asubuhi kwa ajili ya kunusa tu, wakijiona wana hisa katika kazi ile.

Nimefanya kazi maofisini miaka thelathini na zaidi. Nimewachapia barua wakubwa wa kila aina, na nimewaona wengi wakificha jambo ambalo wamelipoteza: mmoja macho, mmoja kumbukumbu, mmoja ujasiri tu. Niliona wanavyochoka kwa kuficha, na wanavyowachosha waliowazunguka. Kila mara nilikuwa nikiwapima kwa yule mwanamke na meza yake ya mninga. Na yeye, isisahaulike, alikuwa ameficha kwa miezi saba. Alikuwa na hofu kama wao. Nilisikia hofu hiyo kupitia ukutani zile siku tatu, akitembea chumbani usiku kucha. Namheshimu kwa sababu alitoka nayo nje asubuhi, akaiweka mezani mahali penye mwanga.

Mama Hidaya alirudi Jumamosi ya wiki ya pili, bila kutanguliza mtu. Alisimama kwenye foleni ya wanusaji kama mtu yeyote. Zamu yake ilipofika aliinama juu ya bakuli, na hakuinuka upesi. Alipoinuka akasema, "Binzari haijatosha."

Bi Thuwaiba alinitazama. Mie asubuhi ile nilikuwa nimesema imetosha. Nikainama, nikanusa upya. "Ni kweli," nikasema. "Kijiko kimoja bado." Akaongeza kijiko kimoja. Mama Hidaya akanusa tena, akatikisa kichwa kukubali. "Harusi ni Jumapili ijayo," akasema. "Mia nne, kama tulivyosema. Lakini asubuhi hiyo nitakuja na wenzangu, tunuse."

Walikuja kumi na wawili. Walivua mabaibui, wakafunga kanga kiunoni, na kazi ya siku mbili ilimalizika kabla ya adhuhuri. Bi Thuwaiba alipita katikati yao akibandika madonge kwenye kiganja na kukigeuza chini, akimwambia huyu bado, yule tayari, na walimtii kama wanafunzi, hata wale waliomzidi umri. Nilivika vyuma hadi vidole vikafa ganzi. Harusini, katika mia nne, hakuna hata moja iliyodondoka. Mkwe mmoja kutoka mbali aliuliza mpishi ni nani, na Mama Hidaya akamwonyesha kwa mkono wote, si kwa kidole.

Mitihani yangu ilikuja mwezi mmoja baadaye. Nilifaulu, nikapata kazi kwenye ofisi moja mjini na chumba Magomeni karibu na kazi. Asubuhi yangu ya mwisho pale Kurasini tuliiweka meza barazani kama kawaida. Ilikuwa bado mapema, hakuna mtu aliyefika. Nilikuwa nimekesha usiku mzima nikipanga maneno, na yote yalinipotea. Nikasema tu, "Bi Thuwaiba, ni mie niliyesema. Nilimwambia Mariamu chuoni. Nilijua ni mpwa wa Mama Hidaya, na nilisema ili nionekane."

Alikuwa akikanda. Hakuacha. "Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Sefu alipofungua mdomo. Mtaani tulikuwa wawili tu tunaojua, na mimi sikusema." Alisukuma nyama, akaikunja. "Siku ile nilitaka kukufukuza. Usiku ule wa kwanza nilikuwa nimeshapanga maneno. Halafu nikafikiri, nikimfukuza, asubuhi nani atanusa? Nikakuacha kwa kuwa nilikuhitaji. Usidhani ilikuwa huruma. Huruma ilikuja baadaye, nilipokuona unashika upande wa pili wa meza bila kuuliza mara mbili." Akaikunja nyama tena. "Ulinikosea, Zena. Sitakwambia hukunikosea. Lakini siri ile ilikuwa inanila, na mimi mwenyewe nisingeitoa. Nimekusamehe zamani. Nilikuwa nangoja uombe."

Nilianza kulia, kilio kibaya, cha kwikwi, nimeinamia bakuli, na sikuweza kujifuta kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na nyama. Aliniacha kidogo. Kisha akanisukuma begani kwa kiwiko, taratibu, hadi nikasogea pembeni ya meza.

"Lia, mwanangu," akasema, "lakini lilia huko. Hapa chumvi nimeshapima."

Nikacheka huku nalia. Nikaenda bombani, nikanawa uso na mikono, nikarudi, na tukakanda hadi watu wa kwanza walipofika kunusa.